Namna ya kuliacha jukwaa lako la mtandaoni miezi mingi na kulikuta bado lina watu

Mwaka 2019 niliondoka kwenye jukwaa langu kwa miezi mitano. Niliporudi nilikuta ukurasa mweupe, hauna hata neno moja. Mwaka 2023 niliondoka tena, safari hii kwa miezi kumi na minne, na niliporudi nilikuta maswali yanajibiwa siku hiyo hiyo, magomvi mawili yamesuluhishwa bila mimi, na sehemu mpya imefunguliwa ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeikataa kwa miaka. Watu ni karibu wale wale, na mwenye jukwaa ni mimi yule yule. Tofauti yote ilitokana na wiki sita za maandalizi kabla ya safari ya pili, na ndizo ninazozieleza hapa.

Mimi ni fundi wa cherehani. Ninatengeneza mashine zenyewe, sishoni nguo. Jukwaa nililifungua mwaka 2009 kwa programu ya phpBB ili mafundi tuwe na mahali pa kuulizana: mashine inaruka mishono, bobini inasokota, meno hayasukumi kitambaa, mota inanguruma lakini haizunguki. Kwenye majukwaa mengine mada huitwa uzi. Kwetu uzi ni uzi, kwa hiyo tunasema mada, na humu nitasema hivyo hivyo.

Mara zote mbili nilikwenda kumuuguza dada yangu. Anayeuguza hana saa ya kukaa mbele ya kompyuta, na hata akiipata, kichwa hakipo. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hujiambia, "Nitakuwa napitia pitia jioni." Panga kana kwamba hutaingia hata mara moja.

Mara ya kwanza liliuawa na nini

PHP ni lugha ya kompyuta ambayo phpBB imeandikwa kwayo. Toleo la PHP 5.6 liliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 31 Desemba 2018. Miezi michache baadaye kampuni iliyokuwa inatuhifadhia tovuti iliwahamishia wateja wote kwenye PHP 7. phpBB yetu ilikuwa bado ni 3.0, ambayo haielewani na PHP 7, wakati toleo la 3.2, linaloelewana nayo, lilikuwa limetoka tangu Januari 2017. Nilikuwa nimeahirisha kusasisha kwa miaka miwili. Kampuni ilinitumia baruapepe mbili za kunionya, sikuzifungua. Siku ya kuhama ikafika, ukurasa ukawa mweupe, ukakaa hivyo wiki tisa.

Kilichoniuma hakikuwa hitilafu yenyewe. Miongoni mwa wasimamizi wangu watatu, mmoja alijua kabisa namna ya kuitibu. Angekuwa na nenosiri la seva angeimaliza kwa jioni moja. Hakuwa nalo. Wasimamizi wangu waliweza kufuta ujumbe na kumfungia mtu, basi. Ufunguo wa nyumba nilikuwa nao mimi peke yangu, na mimi nilikuwa wodini.

Lakini nilipokuja kusoma tarehe vizuri, baada ya kulirudisha jukwaa hewani, niligundua kwamba lilikuwa limeshaanza kufa miezi miwili kabla ya ukurasa kuwa mweupe. Kila aliyejiandikisha alipaswa kuidhinishwa na mimi kwa mkono, kwa hiyo wageni walikuwa wamepanga foleni mlangoni, hakuna wa kuwafungulia. Muuzaji mmoja wa vipuri bandia alikuwa anabandika tangazo lake chini ya kila mada, na wasimamizi walikuwa wanafuta tangazo moja moja badala ya kumfungia. Nilipowauliza kwa nini, mmoja wao akanijibu, "Dada, jukwaa ni lako. Tungemfungia kumbe ni mtu wako?"

Jibu hilo lilinifundisha kuliko ukurasa mweupe. Jukwaa linaweza kuishi bila mwenyewe, tena muda mrefu sana, kwa sababu uhai wake ni jambo moja tu: mtu anauliza, mwingine anajibu, na aliyeuliza anarudi kusema kama imefaa. Mwenye jukwaa hahitajiki katika hilo. Anahitajika kulipa, kufungua mlango, kutengeneza kinachoharibika na kuamua. Yote manne yanaweza kukabidhiwa. La mwisho ndilo gumu, na ndilo watu husahau.

Anza na baruapepe, usianze na seva

Chukua karatasi, andika jina la jukwaa katikati. Kisha chora mistari kwenda kwenye kila kitu ambacho kikikatika jukwaa linazimika: msajili wa kikoa (jina la tovuti), kampuni ya seva, mahali nakala rudufu zinapokaa, akaunti ya malipo. Kando ya kila kimoja andika: nikisahau nenosiri, kiungo cha kulibadilisha kinatumwa wapi?

Mimi nilikuwa na vitu saba. Vyote saba vilikwenda kwenye anwani moja ya baruapepe, na anwani hiyo ilifunguka kwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yangu. Maana yake jukwaa la watu maelfu lilikuwa limening'inia kwenye laini moja ya simu. Laini ikipotea, au mimi nikipotea, kwisha.

Kuna mtego mwingine hapo ambao nimeuona kwa watu wengi: anwani iliyoandikwa kwa msajili ni ile inayoishia na jina la kikoa chenyewe. Inapendeza kuitazama. Kikoa kikiisha muda, baruapepe nayo inakufa, na kiungo cha kukuokoa kinatumwa kwenye sanduku ambalo halipo tena.

Kwa hiyo fungua anwani mpya kwa ajili ya jukwaa tu, kwenye huduma isiyotegemea kikoa chako. Nenosiri lake wawe nalo watu wawili zaidi yako. Uthibitisho wa hatua ya pili usiwe wa ujumbe wa simu. Tumia programu ya namba za uthibitisho, na ile siri inayoonyeshwa mara ya kwanza iingizwe kwenye simu zenu zote mkiwa pamoja. Chapisha kwenye karatasi zile namba za akiba ambazo huduma nyingi hukupa kwa dharura, uzigawe. Kama unatumia Google, ujue kwamba inaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili, lakini pia ina mpangilio wa kuchagua watu hadi kumi wa kupewa taarifa, au hata data ulizochagua, ukikaa kimya kwa miezi 3, 6, 12 au 18. Niliweka mitatu. Kuuweka hakuchukui hata dakika ishirini.

Kikoa

Mara ya kwanza kikoa chetu kiliisha muda nikiwa mbali. Nilirudi siku ya 31 baada ya kuisha, na kilichoniokoa ni utaratibu ambao sikuwa naujua. Kwa majina kama .com, muda ukiisha msajili anaweza kukushikilia jina hadi siku 45 ukilipa tu ada ya kawaida. Akilifuta, kuna siku 30 nyingine za kulikomboa, na hapo huwa unalipa zaidi sana. Halafu siku 5 za kusubiri, kisha jina linaachiwa na yeyote anaweza kulinyakua. Hizo 45 si haki yako. Msajili anaweza kukupa chache zaidi. Wasajili walio chini ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, wanatakiwa kukukumbusha kama mwezi mmoja kabla, wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku tano baada ya kuisha. Vikumbusho hivyo vinakwenda kwenye ile baruapepe. Ndiyo maana nimeanza na baruapepe.

Jina la .com unaweza kulilipia mpaka miaka 10 mbele. Mimi nililipia mitano. Usitegemee kujilipa kwenyewe kwa kadi ya benki, kwa sababu kadi nayo ina tarehe ya mwisho. Itazame leo, imeandikwa usoni. Fedha za seva niliziweka za miaka miwili kwenye akaunti yetu kwa kampuni yenyewe, si kwenye kadi. Sitakaa sana kwenye fedha: lipa mbele kadiri unavyoweza, na mtu wa pili awe na uwezo wa kulipa bila kukuuliza.

Seva, na nakala ambayo imewahi kurudishwa

Ukiwa na sasisho kubwa la kufanya, lifanye wiki sita kabla ya kuondoka, usilifanye usiku wa mwisho. Sasisho lina tabia ya kuficha ubovu wake kwa siku kumi au ishirini, mpaka mtu ajaribu kupandisha picha kubwa au kubadilisha nenosiri. Zile wiki sita ni za ubovu kujitokeza wakati bado upo.

Cheti cha usalama kikiwa cha Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, kwa kawaida kinadumu siku 90 na kinapaswa kujihuisha chenyewe. Hakikisha kweli kimejihuisha angalau mara moja bila mkono wako. Tangu Juni 2025 hawatumi tena baruapepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha, kwa hiyo kikikwama atakayejua wa kwanza ni mgeni anayekutana na onyo kubwa mlangoni.

Sasa nakala rudufu. Kila mwenye jukwaa atakuambia anazo. Swali langu kwake ni: nani mwingine zaidi yako amewahi kulisimamisha jukwaa zima kutoka kwenye nakala hizo? Nilimpa yule msimamizi mwenye kujua mambo ya seva nakala yetu ya karibuni na karatasi ya maelekezo, nikamwambia alisimamishe kwenye kompyuta yake, na kwamba sitapokea simu. Siku ya pili akaniandikia: maandishi yote yapo, picha hazipo hata moja. Kwa miaka kumi na zaidi nilikuwa nahifadhi hifadhidata tu, na lile folda la viambatisho halikuwahi kuingizwa. Kwenye jukwaa letu picha ndizo kazi yenyewe. Fundi anapiga picha ya shato lililolika upande mmoja, mwingine anatazama anasema tatizo ni hili. Maandishi bila picha ni nusu ya jukwaa, na nusu isiyo na faida.

Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu alifaulu bila kuuliza chochote, na karatasi ya maelekezo ilikuwa imejaa mwandiko wake kuliko wangu. Iache hivyo. Maelekezo yaliyorekebishwa na aliyekwama ni bora kuliko yaliyoandikwa na anayejua.

Mlango

Niliondoa uidhinishaji wa mkono. phpBB ina sehemu ya kumuuliza anayejiandikisha swali ulilolitunga mwenyewe, nami niliweka maswali ambayo fundi yeyote anayajibu bila kufikiri: kinachobeba uzi wa chini kinaitwaje? Roboti nyingi, zile programu zinazojiandikisha zenyewe, zinaishia hapo. Ujumbe wa mwanzo wa mgeni huzuiliwa mpaka msimamizi yeyote aupitishe, kisha mgeni huyo anakuwa huru. Yeyote, si mimi. Hiyo ilitosha.

Nani apewe funguo

Mwaka 2024 dunia ya programu ilipata fundisho ambalo kila mwenye jukwaa anapaswa kulijua. Kuna programu ndogo iitwayo XZ Utils, inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, ambayo ndiyo inaendesha seva nyingi. Aliyekuwa akiitunza alikuwa mtu mmoja, anafanya kwa kujitolea, amechoka. Akaunti kadhaa zikaanza kumsukuma kwamba anachelewa, kwamba akabidhi kwa mwingine. Pembeni alikuwepo msaidizi mwenye bidii, mpole, anayejiita Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alijenga imani mpaka akapewa mamlaka. Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund aligundua kwamba ndani ya matoleo mapya mlikuwa mmefichwa mlango wa siri wa kuvamia seva. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde.

Sikuambii hayo ili umwogope kila anayejitolea. Nakuambia ili usikabidhi ukiwa umechoka na unasukumwa. Anayeharakisha kupewa funguo, mweke nyuma. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza mapema: ukianza ukiwa na nguvu, unachagua, ukianza ukiwa hoi, unampa aliyesimama karibu.

Mimi niliangalia kitu kimoja zaidi ya vingine vyote. Nilirudi kwenye mada za zamani nikatafuta mahali kila mmoja wao alipokosea mbele za watu. Kuna aliyefuta ujumbe wake kimya kimya. Kuna aliyebishana mpaka mada ikafungwa. Na kuna dada mmoja, fundi wa mashine za overlock, aliyeandika, "Nilimpa maelekezo mabaya, nimemharibia sindano mbili, samahani. Njia sahihi ni hii." Huyo nilimwomba siku hiyo hiyo.

Nilimwomba pia mzee mmoja ambaye kila mtu jukwaani anamheshimu. Akakataa: "Mwanangu, mashine nazimudu. Watu siwezi." Nilimshukuru kwa ukweli wake. Ujuzi wa kazi na ujuzi wa kusimamia watu havikai lazima kwenye mtu mmoja, na kumlazimisha fundi mzuri awe msimamizi ni kupoteza wote wawili.

Wawe watatu. Wawili wakigombana wanakwama. Mmoja ni kurudi kule kule kwa laini moja ya simu. Na waambie kwa saa unachokiomba: kwetu ilikuwa kama saa tatu kwa wiki kwa kila mmoja. Mtu akikubali asichokijua kiasi chake, atakimbia mwezi wa pili, na hatakuaga.

Barua ya ruhusa

Hapa ndipo naomba usome polepole.

Guido van Rossum, aliyeianzisha lugha ya kompyuta ya Python, alijiuzulu nafasi ya mwamuzi wa mwisho Julai 2018 bila kumtaja mrithi. Aliwaachia wenzake waamue watajiongozaje. Iliwachukua mpaka Desemba kukubaliana juu ya mfumo, na mapema 2019 wakachagua baraza la watu watano. Python ipo, na imara. Septemba 2018 hiyo hiyo, Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, alijipumzisha kwa muda kutoka kuiongoza, akamwachia mwenzake Greg Kroah-Hartman, na toleo la 4.19 likatoka Oktoba kama kawaida. Mmoja aliacha swali, mwingine aliacha mtu. Njia zote mbili zilifanya kazi, lakini tazama tofauti ya muda. Jamii yenye mamia ya wahandisi waliozoea kujadili taratibu inaweza kukaa miezi bila mwamuzi. Jukwaa la mafundi wanaoingia kwa simu wakati wa mapumziko ya mchana halina uvumilivu huo. Wakiona pamepooza, wanahamia kwenye kundi la WhatsApp, na kila wanachojibizana kule hakitafutiki tena.

Kwa hiyo andika barua. Yangu ilikuwa ukurasa mmoja, yenye tarehe, na niliibandika jukwaani kila mwanachama aione, si kuwatumia wasimamizi tu. Hili la kuibandika hadharani ndilo lililovunja ile hofu ya "kumbe ni mtu wako". Ilisema hivi, kwa kifupi.

Mambo ambayo msimamizi yeyote anafanya peke yake bila kuniuliza, na sitayabatilisha nikirudi: kufuta matangazo, kumfungia mtu hadi siku 30, kupitisha ujumbe wa wageni, kusasisha programu, kulipa ankara.

Mambo yanayohitaji wawili kati ya watatu: kumfungia mtu moja kwa moja, kufungua au kufunga sehemu, kubadilisha kanuni, kuhamisha seva, kumwongeza msimamizi wa nne.

Mambo ambayo hakuna wa kuyafanya mimi nikiwa mbali: kuliuza jukwaa, kuwapa wengine orodha ya baruapepe za wanachama, kufuta mada za zamani.

Na aya ya mwisho, iliyonichukua usiku mzima: wakikosa habari zangu kwa miezi 12 mfululizo, jukwaa ni lao watatu, pamoja na kikoa, na waongoze watakavyoona. Niliandika kwa msajili vile vile, nikamweka yule dada wa overlock kama mtu wa pili kwenye akaunti.

Usiiruke aya hiyo kwa sababu inatisha kuiandika. Umiliki ulioachwa na utata huja kugombewa wakati mbaya kuliko wote. Mtandao wa mazungumzo wa Freenode ulikuwa umeendeshwa na watu wa kujitolea kwa miaka mingi. Mei 2021 mgogoro juu ya nani hasa anaumiliki uliwafanya wafanyakazi hao wajiuzulu kwa pamoja na kuanzisha mtandao mwingine, Libera.Chat. Jamii nyingi za programu huria zikawafuata. Kwa upande mwingine MetaFilter, jukwaa lililoanzishwa na Matt Haughey mwaka 1999, ilimwona mwanzilishi wake akiacha kuiendesha mwaka 2015, ikaendelea mikononi mwa wale waliokuwa wakiisimamia naye. Na The WELL, jukwaa jingine lililoanza mwaka 1985, ilinunuliwa na kikundi cha wanachama wake wenyewe mwaka 2012. Kwa hiyo mwanzilishi anaweza kuondoka na watu wakabaki. Lakini lazima ijulikane anaondoka vipi na anamwachia nani.

Potea kabla hujapotea

Wiki nne kabla ya safari, nilitoka. Nilikuwa nyumbani, simu iko mkononi, lakini sikuingia jukwaani wala sikuchungulia. Niliwaambia wasimamizi peke yao.

Wiki ya kwanza haikuwa na kitu. Wiki ya pili huduma ya kutuma baruapepe ilikwama na waliojiandikisha wakawa hawapati ujumbe wa kuthibitisha. Tukagundua kitu cha nane ambacho hakikuwa kwenye karatasi yangu ya mistari. Wiki ya tatu msimamizi mmoja alinipigia: "Dada, huyu jamaa anatukana wageni, nimfungie?" Nikamwambia, "Soma barua, kaka." Akamfungia siku 30. Mimi ningemwonya kwanza. Nilikuwa na nenosiri, nilikuwa na uwezo, na kidole kiliniwasha. Niliacha. Kama ningebatilisha uamuzi ule mmoja, barua yote ingekuwa karatasi tu, na wasingeamua kitu tena mpaka leo.

Hilo linahusu pia miezi yenyewe ya kuwa mbali. Mwenye jukwaa anayechomoza kila baada ya wiki tatu, akapindua jambo moja na kutoweka, anadhuru kuliko aliyeondoka kabisa, kwa maana kila uamuzi unasubiri achomoze. Tulikubaliana sababu tatu tu za kunipigia: kikoa kuwa hatarini, seva kuvamiwa, au wao watatu kushindwa kuelewana kabisa. Kwa miezi kumi na minne walinipigia mara moja, na ilikuwa kuniuliza hali ya mgonjwa.

Ukirudi

Nilisoma kwa wiki mbili bila kuandika. Ile sehemu waliyoifungua ilikuwa ya cherehani za kompyuta, ambazo siku zote nilisema si kazi yetu. Ilikuwa na mada nyingi kuliko sehemu yoyote mpya niliyowahi kuifungua mimi. Nilikaa nayo jioni moja, nikasoma karibu zote, nikajifunza kusoma namba za makosa zinazotokea kwenye kioo cha mashine.

Funguo sikuzichukua. Bado wanazo watatu, nami ni wa nne, na barua tunaiandika upya kila Januari. Jina la cheo lililokuwa chini ya jina langu nimeliondoa. Ujumbe wangu wa kwanza baada ya kurudi ulikuwa swali: mashine kuukuu ya mteja, inashona vizuri kwenye kitambaa chepesi, ikifika kwenye mshono mnene inaruka, na nilikuwa nimeshabadilisha sindano na kupima mvutano mara mbili. Dakika arobaini baadaye alinijibu kijana aliyejiunga nikiwa mbali, hanijui kabisa. "Karibu, ndugu," aliandika. "Toa kwanza sahani ya sindano, piga picha ya ndoano kwa karibu, halafu tuangalie."

Nikaitoa sahani, nikapiga picha.